Shati Moja, Kilo Moja

Bi Mkasi alikuwa na jicho lisilosamehe. Aliposimama mlangoni mwa karakana yake ya ushonaji, mkono mmoja kiunoni, aliweza kuona kola iliyokaa upogo kwenye meza ya mwisho kabisa, na mshono uliopotoka kwa unene wa uzi ulimkera kama mchanga mdomoni. Hata hivyo, kwa muda wa miaka sita hakuona kwamba wifi yake, mjane wa kaka yake, alikuwa akihama. Wifi alihama mara tatu, na kila alipohama alikwenda mbali zaidi na katikati ya mji. Alichokiona Bi Mkasi kilikuwa viatu tu. Kila asubuhi wifi aliingia na kandambili zilizojaa vumbi, akazivua nyuma ya mlango, akatoa kwenye mfuko wa plastiki viatu vyeusi vilivyong'aa, akavivaa ndipo akaketi kwenye cherehani yake. Bi Mkasi aliyaona hayo, akatabasamu, akayaita madaha.

"Huyu wifi yangu," alikuwa akisema, "kuja kazini tu anabadilisha viatu kama bibi harusi. Siku akiolewa tena itakuwaje?"

Wifi alicheka pamoja na wengine. Hakusema kwamba kandambili zile zilikuwa zimemaliza mwendo wa saa nzima kwa miguu, wala kwamba viatu vyeusi vilikuwa jozi ya pekee aliyokuwa nayo.

Ni haki kuongeza kwamba Bi Mkasi hakuwa mchoyo, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kisa hiki. Aliitwa Bi Mkasi kwa sababu ndiye aliyekata vitambaa vyote vya karakana, ingawa Fundi Vifungo, ambaye kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kueneza habari, alishikilia kwamba jina lile lilitokana na ulimi. Karakana alikabidhiwa na baba yake mzee huyo alipostaafu, na pamoja na meza, pasi na cherehani saba alirithi kanuni moja: shati moja, kilo moja. Maana yake ni kwamba aliyeshona shati moja la sare ya shule alilipwa kiasi kinachotosha kununua kilo moja ya sukari dukani; wa kola au wa mapindo alihesabiwa kazi inayolingana na shati zima. Sukari ikipanda, malipo yalipanda nayo. Zamani za Baba, sukari ilipokuwa ikiruka bei kama panzi, mafundi wa karakana nyingine walikunywa chai chungu na wake kwa waume wakagombana nyumbani. Mafundi wa Baba walikoroga vikombe vyao kwa amani. Wateja wakubwa, hasa shule, waliipenda kanuni hiyo kwa kuwa iliwaondolea adha ya kubishana, wakaitia katika makubaliano yao.

Kwa miaka kumi na tisa Bi Mkasi aliitunza kanuni ya Baba kama mtu atunzavyo amana. Kila mwanzo wa muhula alimtuma mtu dukani aulize bei, kisha akatangaza malipo mapya mbele ya wote, kwa sauti, bila kuficha. Usiku alilala usingizi wa mtu mwadilifu.

Jumatatu moja, baada ya chai ya saa nne, wifi alimfuata kwenye meza ya kukatia.

"Wifi, nina neno."

"Sema, mama. Kama ni uzi mweupe, nimeshauagiza."

"Si uzi. Mwisho wa mwezi naondoka."

Mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa. Ukasimama hapo hapo, umefumbua kinywa. "Unaondoka kwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu, mji mwingine. Mwenye nyumba amepandisha kodi. Hata hii ya zamani nilikuwa naivuta kwa meno, hii mpya itaniachia fizi tu."

"Na binti yako? Si ana mtihani wa mwisho mwaka huu?"

"Ataacha. Atauanza upya huko, wakimpokea."

Bi Mkasi aliweka mkasi chini. Kwanza alichohisi hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira ya mtu aliyesingiziwa. "Lakini mbona nakulipa vizuri? Tangu lini kanuni ya Baba ikamwangusha mtu? Kilo kwa shati, nawe kwa siku unamaliza mashati sita na kipande! Baba alikuwa anamaliza mawili, na anamshukuru Mungu."

Wifi alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Sukari ninayo, wifi. Ninayo mpaka sisimizi wananiamkia. Nilichokosa ni pa kuiweka."

Fundi Vifungo, aliyekuwa akijifanya anatafuta sindano sakafuni, alikohoa. "Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno," akaiambia dari.

"Wewe shona vifungo!"

"Nashona, Bi Mkasi. Ila masikio hayashiki sindano."

Bi Mkasi akapunguza sauti. "Basi hamia kwangu. Kile chumba cha nyuma kimekaa bure, kina makopo ya rangi tu. Njoo na mtoto, ukae hata miaka kumi, nani atakuuliza?"

"Ahsante, wifi, Mungu akuzidishie. Lakini sitaki kulala kwa hisani." Wifi alisema hayo polepole, kama mtu aliyeyarudia njiani. "Mimi ni fundi wa kola. Nataka kazi yangu inilaze. Kama kazi ya mtu haiwezi kumlaza, hiyo si kazi, ni matembezi."

Alirudi kwenye cherehani yake. Kola aliyoishona baada ya hapo haikuwa na kasoro hata moja, jambo lililomuumiza Bi Mkasi kuliko machozi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bi Mkasi alikaa katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na tangu ujana wake hakuwahi kulipa kodi. Siku zile mbili tatu zilizofuata alipita meza kwa meza, akiwauliza mafundi swali ambalo hawakuwa wamezoea kuulizwa: chumba kinakula siku ngapi za kazi kwa mwezi? Wengine walicheka, wengine wakakunja uso wakihesabu. Majibu yalikuwa tofauti, lakini yote yalizidi wiki moja. Dada wa pasi alisema hajui na hataki kujua, kwa sababu akijua hatapata usingizi.

Hesabu ya noti haikumsaidia Bi Mkasi. Noti za ujana wa Baba na noti za leo zilikuwa na jina moja, lakini uzito wake ulikuwa umepishana mno, na kila alipojaribu kulinganisha alijikuta analinganisha moshi na mvuke. Ndipo wazo likamjia akiwa amesimama na futi shingoni, ule utepe wa kupimia ambao fundi huuvaa kutwa nzima hata akausahau. Noti hubadilika, lakini saa ya mtu aliyeinama kwenye cherehani ni ileile kwa babu na kwa mjukuu. Kitu kinaweza kupimwa kwa saa hizo. Na kinachopimika, fundi anaweza kukikata.

Jumamosi mchana mafundi walipotawanyika, alimwomba wifi abaki kidogo. Baba naye alifika, kama alivyofika kila Jumamosi, kukagua cherehani ambazo hazikuwa zake tena. Alikuwa mzee mrefu mwenye miguu iliyoumbwa na kanyagio. Hata akikaa kitini, mguu wa kulia ulipiga piga sakafu kana kwamba kuna gurudumu chini yake. Fundi Vifungo aliondoka, kisha akarudi, akidai amesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani.

"Baba," alisema Bi Mkasi, "enzi zako, kilo ya sukari ulikuwa unaifanyia kazi muda gani?"

"Si shati moja? Wewe hujui kanuni?"

"Naijua. Shati moja lilikuchukua saa ngapi?"

"Saa nne nzima, kata, shona, toboa matundu ya vifungo kwa mkono. Ukiinuka hapo, miguu haina habari na wewe."

Bi Mkasi alivuta kapu la masalio ya vitambaa, akachukua kipande cha bluu, akapima inchi nne, akakata. "Inchi moja ni saa moja," akaeleza. "Bluu ni zamani, nyeupe ni sasa." Kisha akakata kipande cheupe cha inchi moja na ushee, maana kwa cherehani za umeme shati halikuchukua zaidi ya hapo, akakilaza kando ya kile cha bluu.

Baba aliinama, akatazama, akatabasamu kwa meno aliyobakiza. "Endelea. Mchezo mzuri huu."

Wakaendelea na sabuni: mche mmoja inchi mbili za bluu, nusu inchi ya nyeupe. Wakaja kwenye viatu. Baba alikumbuka jozi yake ya kwanza ya ngozi, aliyoifanyia kazi siku sita, na kitambaa cha bluu kikatambaa mezani kama nyoka. Wifi alitaja siku moja.

"Siku moja!" Baba akapiga goti. "Siku moja, viatu!"

"Lakini vyako, baba, vilidumu miaka," alisema wifi. "Hivi vyangu kila mvua inaponyesha vinaomba ruhusa ya kustaafu."

Bi Mkasi, aliyetaka haki hata ikimgeuka, aliona hoja hiyo ina uzito. Akaongeza vipande viwili vyeupe juu ya kile cha kwanza, kwa sababu jozi tatu za leo ndizo zinazofanya kazi ya moja ya zamani. Hata hivyo nyeupe haikuzidi nusu ya bluu. Wifi mwenyewe akakubali kwa kichwa.

"Sasa uliza redio," alisema Baba. "Uliza, uliza redio!"

"Redio uliifanyia kazi muda gani?"

"Siku hamsini! Siku hamsini mwanangu, sikununua hata soksi. Siku nilipoingia nayo nyumbani, mama yako alidhani nimeiba."

Kitambaa cha masalio hakikutosha kwa siku hamsini. Bi Mkasi alishusha bunda la utepe wa bluu wa kupambia mapindo, akapima, akapima tena, huku Fundi Vifungo akishika ncha na kurudi nyuma kinyumenyume. Redio ya Baba ilivuka meza, ikapita kati ya cherehani, ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi mbili na kulala uani juani. Redio ya leo ilikuwa kipande cheupe kisichofikia urefu wa kiganja.

Baba alisimama. Furaha ilimjaa kiasi cha kumkosesha pumzi. "Mnaona? Ninyi mko peponi, mnalalamika kwamba bawaba za mlango zinapiga kelele! Nani alisema kanuni yangu imeoza? Kwa saa ile ile moja mnapata sukari mara tatu, sabuni mara nne, redio ndiyo msiseme."

"Ni kweli, Baba," alisema Bi Mkasi, na alimaanisha. Hakuna katika chumba kile aliyetamani kurudi kwenye kanyagio. "Kimebaki kimoja. Ulipokuwa umepanga, kabla hujajenga, chumba kilikula siku ngapi za mwezi?"

Baba alikuwa bado amepanda juu ya ushindi wake, akajibu bila kuangalia anakanyaga wapi. "Tatu! Tarehe nne mwenye nyumba alikuwa ameshanisahau sura. Nilikuwa naringa nayo mtaa mzima, waulize waliokuwepo, kama wamebaki."

Siku tatu za saa nane nane ni inchi ishirini na nne. Bi Mkasi alikata bluu, akailaza mezani.

"Wifi, chako?"

"Mpaka mwezi huu, siku tisa. Kwa kodi mpya, kumi na moja."

Bi Mkasi alipekua kapu akitafuta kipande cheupe cha kutosha, hakukipata. Akakata vitatu. Wifi akavichukua bila kuambiwa, akaketi, akaviunga kwa cherehani. Kilipolazwa kando ya kile cha bluu, kipande cheupe kilikwenda, kikaendelea kwenda, kikafika ukingoni mwa meza na kuning'inia.

"Umekosea," alisema Baba. "Pima tena."

Bi Mkasi akapima tena. Kitambaa hakikupungua.

"Haya, lakini tazama redio! Mbona hutazami redio?"

"Redio uliinunua mara moja, Baba, ukaisikiliza mpaka mimi nikaolewa. Chumba wifi anakinunua kila mwezi, na kila mwezi ukiisha kinarudi kwa mwenyewe."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alichukua kile kitambaa cheupe, akakilaza juu ya utepe wa redio kuanzia mezani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akishuka nao kuelekea mlangoni, mwezi juu ya mwezi. Alipofika ngazi alikuwa mwezi wa nne. Kabla ya kuumaliza wa tano, utepe wa redio ulikuwa umekwisha, naye amechuchumaa uani, kitambaa mkononi, hana tena pa kukilaza.

Bandu bandu huisha gogo, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika shoka bila kujua. Alirudi ndani, akajipangusa magoti.

"Nimepima kitu ambacho kila mwaka kilizidi kuwa rahisi," alisema, "nikajiona mkarimu."

Baba alikuwa ameketi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetulia. Kwa muda walidhani amekasirika, na huenda alikasirika. Lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka njia.

"Sukari sikuichagua kwa utamu wake. Wakati ule ndiyo iliyokuwa inatuuma. Leo ipo, kesho imefichwa, kesho kutwa imerudi na bei ya kichaa. Nilitafuta panapouma, nikapima hapo." Akanyoosha kidole, akagusa kile kitambaa cheupe kinachoning'inia. "Sasa panauma hapa?"

"Hapo, baba," alisema wifi.

"Basi mnaniuliza sukari ya nini?" alifoka Baba. "Jumamosi nzima mnanichosha na sukari!"

Fundi Vifungo alicheka hadi kofia ikaanguka, akapata sababu ya kuiokota.

Jumatatu Bi Mkasi alijifunga kibwebwe. Alikuwa amepiga hesabu: ili chumba cha wifi kirudi kwenye siku nane, malipo ya kila shati yalipaswa kupanda kwa zaidi ya theluthi. Siku tatu za Baba hazikuwa za kurudi, na hakutaka kujidanganya. Nane zilikuwa chini ya tisa, na kwa siku tisa wifi alikuwa ameweza kuishi, ingawa kwa shida. Alikunja vitambaa vyake, akavitia katika mkoba, akaenda kumwona mhasibu wa shule iliyompa nusu ya kazi zote za karakana.

Mhasibu alikuwa kijana aliyeoa karibuni, mpole, mwenye tai iliyombana na meza iliyojaa risiti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua makubaliano na kuweka kidole kwenye mstari.

"Mama yangu, hapa pameandikwa sukari. Na sukari haijapanda."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja."

"Kwa hiyo mnataka tulipe zaidi kwa kitu ambacho hakijapanda?"

"Nataka tubadili kipimo. Wewe mwanangu, umepanga?"

Kijana alicheka. "Mama, hilo ni swali la polisi."

"Kodi yako inakula siku ngapi za kazi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, kwa mzaha. Mkono wa kwanza ukaisha. Akaanza wa pili, akapunguza mwendo, kisha akashusha mikono yote miwili chini ya meza. "Hayo ni yangu, si ya shule."

"Sawa. Ya shule ni haya: watoto wako wote wanavaa kola za mwanamke mmoja, na mwisho wa mwezi hatakuwepo. Nami sitamtafuta mwingine ili nimfanyie vilevile."

"Mafundi wapo wengi mjini, mama."

"Wapo. Waendee. Lakini mimi sare za muhula ujao sizishoni kwa kilo."

Alisema hivyo akiwa amenyoosha mgongo. Magoti yake, ambayo mhasibu hakuyaona, yalikuwa yakigongana. Maana kama kijana yule angesema "haya", mafundi wanne wangekosa kazi kabla ya mvua. Mhasibu alichukua makubaliano, akaenda kwa mwalimu mkuu. Alikawia. Bi Mkasi alitoa kitambaa cheupe mkobani, akakikunja upya, akakikunjua, akakikunja.

Mhasibu aliporudi hakuketi. "Nusu. Nusu ya unachoomba, mwalimu mkuu amesema zaidi ya hapo wazazi watatuchinja."

"Nusu naipokea. Lakini neno sukari liondoke. Kila mwaka tuulize kodi ya chumba cha fundi, malipo yafuate hiyo."

"Chumba cha fundi gani? Si mtatutajia cha ghorofani?"

"Chagua fundi umtakaye, uende ukamuulize mwenye nyumba wake mwenyewe, kwa miguu yako."

Kijana aliiona haki ya jambo hilo, au pengine alifikiria chumba chake mwenyewe. Akachukua kalamu.

Haikuwa hivyo kila mahali. Mwenye duka la sare, mteja wa tangu enzi za Baba, aliposikia alisema kwamba Bi Mkasi amerogwa, akazichukua kazi zake siku hiyo hiyo na kuzipeleka kwingine. Bi Mkasi hakumbembeleza. Nusu iliyokosekana aliikata katika fungu lake la kila shati, lile alilokuwa akiweka akiba ya kununua mashine mpya ya matundu ya vifungo.

"Kwa hiyo lile jini la zamani litaendelea kutafuna uzi?" aliuliza Fundi Vifungo kwa uchungu.

"Litatafuna. Nawe limekuzidi nini? Si unatafuna maneno kutwa?"

Ijumaa alimwita wifi kwenye meza ya kukatia.

"Nusu nimeipata shuleni. Nusu nimekata kwangu. Kwa kodi mpya, chumba kitakuchukua siku nane."

Wifi alikunja uso. "Unanihurumia?"

"Sikuhurumii hata kidogo. Ni malipo ya kila anayeshona humu, wale unaowapenda na usiowapenda."

"Hata yule wa mapindo, mwenye kiburi?"

"Hata yeye, na kiburi chake."

Midomo ya wifi ilitembea. Alikuwa akihesabu: nauli, daftari za binti, mkaa. Bi Mkasi hakumharakisha. Aliuma ulimi, jambo ambalo mashahidi walilizungumza kwa wiki nzima.

"Nane si kidogo," hatimaye alisema wifi.

"Si kidogo. Mwakani tutadai nyongeza tena."

"Utaidai wewe?"

"Tutaidai. Na wewe utakuja, ukae kiti cha mbele. Mimi magoti yangu hayaaminiki."

Hapo wifi akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa amebeba ndoo na kuitua. Saa sita alivua aproni, akamwambia dada wa pasi amwangalizie kola zake, akatoka kwenda kumwambia mwenye nyumba kwamba chumba anakichukua kwa kodi mpya.

Tangu muhula ule karakana hailipi tena kwa sukari. Kila mwanzo wa mwaka mafundi huketi pamoja, wakahesabu ni kitu gani kinachowala saa nyingi zaidi za kazi, na malipo hupangwa kwa hicho. Mpaka sasa ni chumba. Mwenye duka la sare hakurudi. Wifi hakuhama, na binti yake alifanya mtihani katika shule ileile aliyoanzia.